Namba Tisa Ndani ya Pipa

Mimi ni dereva wa boti, si mwandishi, na nasema mapema ili asije mtu hapa kunisahihisha. Miaka tisa nimemwendesha mwanamke mmoja katika ziwa letu, kila siku ya Mungu, isipokuwa siku za upepo mkali na siku mke wangu alipojifungua kitinda mimba wetu. Na hata siku hiyo mwanamke huyo alinipigia simu nikiwa mlangoni pa wodi kuuliza ufunguo wa boti uko wapi. Watu wa gatini wanamwita Bi Antena. Jina lake analo, lakini siku hizi hata barua za ofisini zinakuja zimeandikwa Bi Antena, na yeye anazisaini bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kumaliza samaki. Si samaki wote, jamani, msianze. Kuna samaki mmoja mkubwa, mdomo kama mfuko uliofunguliwa, aliyeletwa ziwani zamani na watu waliodhani wanafanya la maana. Sisi tunamwita mgeni. Mgeni huyu anachimbua matope usiku na mchana, anakula mayai ya wenzake, na anazaa kama hana kazi nyingine, na kweli hana. Ndani ya miaka michache samaki wetu wenyewe wakawa wa kuhesabu kwa vidole na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Serikali ikafunga ziwa na kuanzisha mradi wa kuwatoa wageni. Hakuna nyavu, hakuna ndoana, mpaka wageni waishe na wenyeji wazaane.

Tangazo la kufunga ziwa lilipigiliwa kwenye ubao wa gatini na Bi Antena mwenyewe, kwa misumari minne. Mtu wa kwanza kulisoma alikuwa baba yake.

Baba yake ni mvuvi. Nasema ni, ingawa kwa miaka tisa hakugusa maji kwa halali. Alikuwa na mitumbwi miwili, nyavu alizofuma kwa mkono wake, na mikono yenyewe ilikuwa mipana kama sahani. Alisoma tangazo lote, akamaliza, akarudia kuanzia juu. Kisha akamuuliza binti yake, "Misumari hii ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Umeipiga vizuri," akasema, akaenda zake nyumbani. Tangu siku ile akawa anazungumza naye habari za mvua tu. Mvua imekuja, mvua haijaja, mawingu yale huenda yakaleta mvua. Mimi baba yangu akinikasirikia alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanakuja, tunalia, yanaisha. Huyu mzee hana kelele. Afadhali kelele mara mia.

Sasa sikilizeni jinsi wageni wanavyomalizwa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima na akili zake aliwahi kutembea mitaani ameshika antena akitafuta samaki.

Ukitupa wavu ovyo katika ziwa kubwa, unapata wachache, wengi wanabaki. Lakini mgeni hapendi upweke. Kipindi cha baridi wanakusanyika mahali pamoja, mamia kwa mamia, sehemu ambayo wanaijua wao. Kwa hiyo unamkamata mmoja, unamlaza kwenye beseni lenye maji yaliyotiwa mafuta ya karafuu mpaka asinzie, unampasua tumboni kidogo, unamtia kidude cha redio chenye ukubwa wa betri ya tochi, unamshona, unamrudisha ziwani. Akizinduka anafanya nini? Anatafuta wenzake. Anawapata. Na kidude kinalia tii, tii, tii, na Bi Antena ananyoosha antena yake juu ya boti na kusema, "Dereva, kulia kidogo," na mimi nageuza kulia kidogo. Tukifika, tunazungusha wavu mkubwa, tunawatoa wote. Isipokuwa yule mwenye kidude. Yeye anarudishwa majini akatafute wengine.

Tunamwita msaliti. Hajui kama ni msaliti, maskini, lakini matokeo ni yale yale.

Upasuaji alikuwa anafanya Bi Antena mwenyewe, magoti kwenye mbao za boti, na kushona pia. Mara ya kwanza nilipomwona anashona nilicheka, kwa sababu hakushona kama daktari. Alizungusha uzi mara mbili, akaurudisha chini, akaubana kwa pembeni. Lilikuwa fundo la nyavu. Baba yake alimfundisha akiwa na miaka saba, na hakuna familia nyingine pale gatini inayofunga hivyo. Nikamwambia samaki huyu sasa ni wa ukoo wenu. Akanikata jicho, nikanyamaza.

Mwaka wa kwanza msaliti mmoja alituonyesha wageni zaidi ya elfu mbili. Mwaka wa nne, mia sita. Wa sita, thelathini na moja. Wasaliti nao walibadilika. Mmoja kidude kilikufa, mwingine aliliwa na fisi maji, kidude tukakiokota kwenye kinyesi, na ni nani aliyetumwa kukiosha? Mimi. Tukafika msaliti namba tisa, jike, mkubwa, mwenye roho ngumu. Na namba tisa akawa hapati mtu.

Anazunguka ziwa zima. Asubuhi yuko kaskazini kwenye mawe, jioni yuko kusini kwenye matete. Anatafuta. Tunamfuata, tunashusha kamera majini, yuko peke yake. Niseme ukweli, kuna siku nilimwonea huruma. Bi Antena aliandika kwenye daftari: peke yake. Kesho yake: peke yake.

Kanuni ilikuwa wazi, na aliyeiandika ni yeye. Ibara ya sita. Msaliti akikaa peke yake miezi kumi na miwili mfululizo, ziwa ni safi na linafunguliwa. Mlio ukikosekana kwa siku zisizozidi tano, kwa upepo au hitilafu ya mitambo, hesabu inaendelea. Lakini msaliti akitolewa majini na mtu kwa namna yoyote, hesabu inaanza upya kutoka siku ya kwanza.

Habari hiyo ilifika mpaka kwa mzee. Alikuwa na miaka sabini na tisa na jicho la kushoto lilishaanza kuingia ukungu. Binti yake alimwambia Jumapili moja, mbele yangu, huku mama mtu akimimina chai: "Baba, imebaki miezi minne."

Mzee akaangalia dirishani. "Mwaka huu mvua itachelewa," akasema. Lakini tulipotoka nilimwona ameingia stoo, anashusha wavu wake mkubwa kutoka darini. Bi Antena naye alimwona. Njia nzima alikuwa anatabasamu na antena yake mapajani.

Zikabaki siku kumi na tisa, namba tisa akapotea.

Siku ya kwanza hatukuogopa. Upepo ulikuwepo. Siku ya pili tulizunguka ziwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linazama, kila ghuba, kila kisiwa, na kipokezi, kile kisanduku cha kusikilizia mlio wa kidude, kilikuwa kimya kabisa. Siku ya tatu Bi Antena hakunywa hata maji. Tulirudi mchana mafuta yameisha, tukapandisha vyombo kwenye pikapu ya mradi kwenda kituo cha mafuta. Kipokezi alikuwa amekipakata, hakukizima. Hakizimi kamwe, nadhani hata nyumbani analala nacho.

Tulipofika kona ya kinyozi kikalia. Tii. Tii. Tii.

Nikapiga breki, yule wa pikipiki nyuma yetu akanitukania mama yangu mzazi.

"Kimeharibika," nikasema.

"Hakijaharibika."

"Samaki yuko kwa kinyozi?"

Akateremka, akanyanyua antena, akaizungusha polepole. Ukweli ni kwamba kidude kikiwa nchi kavu mlio una nguvu kuliko kikiwa kilindini, kwa hiyo pale barabarani kilikuwa kinaita kama kengele ya shule. Akaanza kutembea. Mimi nikamfuata na gari mwendo wa mgonjwa.

Mtaa ukatoka nje. Mwanamke wa duka la nguo akauliza tunatafuta nini, nikamjibu samaki, akadhani namdharau. Fundi wa kuchomelea vyuma alipoona antena akakimbia ndani, na mara nikaona waya mmoja mweusi unavutwa kutoka kwenye nguzo ya umeme na kutokomea dirishani. Nyumba ya tatu nao wakavuta wao. Tungeendelea hivyo mji mzima, shirika la umeme lingetupa cheti.

Bi Antena alikuwa ananielekeza kwa mkono. Kushoto. Moja kwa moja. Kulia penye mashine ya kusaga. Halafu akaacha kunielekeza. Nikatoa kichwa dirishani nikauliza, "Sasa tunakata wapi?" Alikuwa ameshusha antena, anatembea tu, na kipokezi kinapiga kelele kiunoni mwake. Ndipo nilipotazama vizuri nikaona tuko wapi. Hii njia nilikuwa nimeipita kila Jumapili kwa miaka.

Mama yake alikuwa kibarazani anachambua maharage. Alituona, akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua kwa bidii ambayo maharage hayakuihitaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako yupo nyuma. Mimi sijui kitu."

Nyuma ya nyumba kuna ua mdogo, kamba ya nguo, na pipa la plastiki la bluu la kukingia maji ya mvua. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya pipa, kipande cha mkate mkononi. Hakusimama. Bi Antena akasogea, akachungulia. Nami nikachungulia. Namba tisa alikuwa humo, amejikunja kidogo kwa kukosa nafasi, anafungua mdomo na kuufunga. Vipande vya mkate vilikuwa vinaelea.

Nikakaa kwenye beseni la nguo zilizoloweshwa. Hakuna aliyenicheka.

"Baba," akasema Bi Antena. Sauti ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Umeanza lini?"

"Miezi mitatu na nusu. Tangu uliponiambia."

"Kwa nini?"

Mzee akamega mkate, akautupa ndani. "Nilifikiri, akibaki hata mmoja, mwaka mzima unaharibika. Ninyi mna mashine, lakini mashine hazivui. Nikasema nitakuwa naenda alfajiri pale kwenye mawe, ndoana moja kubwa, chambo cha ugali mgumu. Wale wetu mdomo ni mdogo, hawaimezi. Akiishika yeyote, basi ni mgeni, namtoa, imekwisha. Nakusaidia."

"Ulipata wangapi?"

"Huyu."

Miezi mitatu na nusu, ziwa la kilomita arobaini, na mzee amekamata samaki mmoja tu. Yule ambaye hakutakiwa kuguswa. Ningeambiwa na mtu mwingine ningesema anatia chumvi.

"Nilimgeuza nimtoe ndoana," mzee akaendelea, "nikaona tumbo. Nikaona fundo. Fundo langu." Akainamia pipa. "Alikuwa ameimeza mbali, anatoka damu. Ningemrudisha vile angekufa, na mwaka wako ungekufa naye. Nikamleta apone. Kesho alfajiri nilikuwa namrudisha. Anakula vizuri. Tazama."

Sasa mimi nitawaambia nilichosema, na sioni aibu. Nilisimama kutoka kwenye lile beseni, suruali imelowa chapachapa, nikasema, "Dada, siku tatu. Tatu! Ibara inasema tano. Tunamchukua sasa hivi, tunamrudisha, unaandika hitilafu ya mitambo. Siku kumi na sita zimebaki. Mzee anaingia ziwani, gati zima linaingia ziwani, na huyu samaki hatasema kwa mtu. Nani anajua? Mimi, wewe, baba na mama. Na mama kasema hajui kitu."

"Ametolewa majini," akasema.

"Na baba yako!"

"Ibara haisemi nani."

"Ibara ya sita ipotelee mbali!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Hatimaye, nilifikiri, kelele zimeingia katika nyumba hii.

Bi Antena alitoa daftari mfukoni. "Siku tatu sikuwa na msaliti ziwani," akasema, na safari hii hakuwa anasema nami. "Kama kuna mwingine amepita siku hizo, sijui. Nikifungua ziwa na kuna jike na dume wamebaki mahali, miaka mitano tunarudi kule kule, baba. Utavua mwaka mmoja, halafu hakutakuwa na kitu cha kuvua, wewe wala mtoto wa mtu yeyote. Nimekukataza miaka minane. Siwezi kukukataza miaka minane halafu nikadanganya siku ya mwisho."

"Utaandika," akasema mzee.

"Nitaandika."

"Mwaka mzima tena?"

"Mwaka mzima, baba."

Mzee akaangalia mikono yake. Mipana bado, lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimeanza kujikunja, vidole havinyooki. Atafika themanini, na jicho moja. Alielewa hesabu hiyo kuliko sisi sote. Bi Antena aliandika, akilia, machozi yanadondoka kwenye karatasi na yeye anayafuta kwa kiwiko asiharibu wino.

"Umeandika nini?" mzee akauliza.

"Kwamba msaliti alitolewa ziwani na mkazi mmoja."

"Mkazi gani? Andika baba yako."

Akakata, akaandika "baba yangu". Mzee akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, na hakutoka hata tulipombeba namba tisa kwenye ndoo kubwa na kumtoa. Mama ndiye aliyetufungulia geti. Alikuwa bado ameshika bakuli la maharage.

Mwaka ule sitaki hata kuukumbuka. Ofisi ilimwandikia mzee barua ya onyo, na Bi Antena akaipeleka mwenyewe, maana alisema hataki aipokee kwa tarishi. Gatini watu waliacha kumsalimia. Mtu mmoja alilipaka tope tangazo lake. Aliliosha, likapakwa tena, akaliosha tena. Mimi nilimnunia miezi mitatu. Nilimwambia maneno mawili tu kwa siku, "mafuta yamepungua," na yeye alijibu "asante" kana kwamba nimemwimbia.

Jumapili aliendelea kwenda kwao. Chai ilimiminwa. Mzee hakuzungumzia tena hata mvua. Ule wavu aliurudisha darini.

Na kila siku kwenye daftari: peke yake. Peke yake. Mia tatu sitini na tano.

Siku ilipotimia mkuu wa mradi alikuja kutoka makao makuu amevaa viatu vya kwenye zulia. Akatupa mkono, akatupongeza, akasema bado jambo moja dogo. Ziwa haliwezi kuandikwa safi wakati kuna mgeni mmoja ndani yake. Namba tisa atolewe. Na betri ya kidude ilikuwa na siku kama kumi kabla ya kuzima, na ikizima ndiyo basi, umepoteza samaki mmoja katika ziwa zima.

Jambo dogo! Tulimtegea nyavu siku sita. Namba tisa alishaona nyavu nyingi kuliko wavuvi wa gati zima. Alikuwa anasimama mbele ya wavu kama mtu anasoma tangazo, halafu anageuka. Tukaleta boti ya umeme, ile inayowapumbaza samaki, yeye akashuka kwenye mawe ya kina kirefu ambako umeme haufiki. Kipokezi kinalia, tuko juu ya kichwa chake, na hatuna la kumfanya. Siku ya saba mkuu akasema ataagiza sumu, watie ghuba nzima ya mawe. Ghuba ile ndiyo mazalia ya samaki wetu, ndiko walikokuwa wameanza kurudi, wadogo wadogo, wamejaa.

"Nipe siku mbili," Bi Antena akamwambia.

Asubuhi iliyofuata hakunieleza tunakwenda wapi. Alisema tu, "Dereva, washa pikapu," na tulipopita kona ya kinyozi nikaelewa.

Mzee alikuwa uani, kwenye kigoda kile kile. Bi Antena hakukaa. Alisimama mbele yake, mikono imeshikana mbele, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani kuomba chumvi.

"Baba, nahitaji mvuvi."

Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa, lile lingine lilimtazama binti yake kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Una kibali?" akauliza.

Alikuwa nacho. Alikiandika mwenyewe usiku uliopita, ukurasa mzima, kikasainiwa na mkuu. Mzee akaitisha miwani. Mama akaileta. Akasoma yote, akamaliza, akarudia kuanzia juu, na mimi ninahesabu siku za betri kichwani. Kisha akakunja karatasi na kumrudishia.

"Haina muhuri."

Nilifungua mdomo. Bi Antena akanikanyaga mguu. "Samahani, baba," akasema, na tukarudi ofisini, kilomita kumi na mbili, tukamtoa mtunza muhuri kwenye chakula chake cha mchana, akagonga muhuri, tukarudi kilomita kumi na mbili. Njia nzima nilisema niliyosema. Yeye alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, wino usichafuke, na nikimwangalia naona anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kesho yake asubuhi mzee alikuwa gatini kabla yetu. Kamba yake ameizungusha kwenye kipande cha ubao, ndoana moja, donge la ugali ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walikuwa wamesimama wanamtazama. Nikampa mkono apande. Hakuushika.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye miaka hamsini na minne na wajukuu, "ukifika kwenye mawe zima hiyo injini."

Nikazima. Maji yalikuwa yametulia, na safi. Ukichungulia unaona mawe ya chini, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kiliwahi kuwezekana. Mzee akashusha ndoana. Bi Antena amekaa mbele, kipokezi mapajani, tii, tii, tii.

"Zima na hiyo," mzee akasema. "Inanikera."

Miaka tisa sijawahi kuona kile kipokezi kimezimwa ziwani. Alikitazama, akanitazama mimi, akakizima.

Tulikaa saa mbili na nusu. Mzee alikuwa amefumba jicho lake zima; alinisikia ninavyojigeuzageuza akasema, "Mimi sivui kwa macho, kijana, tulia." Kamba ilikuwa imepita kwenye kile kidole kimoja kilichobaki kunyooka. Sikuona kitu chochote kikitokea. Ghafla mkono ukapanda, mara moja, bila haraka, na kamba ikaanza kukata maji.

Alimvuta mwenyewe. Nilitaka kusaidia, Bi Antena akanizuia kwa macho. Ilimchukua muda, alipumua kwa nguvu, mishipa ya shingo ilimtoka, lakini alimleta mpaka ubavuni mwa boti, akamwingiza vidole kwenye matamvua na kumwinua ndani. Namba tisa. Alikuwa amenenepa.

Mzee alimgeuza tumbo juu, akapitisha kidole gumba pale kwenye kovu. Uzi ulikuwa bado upo, mweusi, umezama kidogo kwenye ngozi. Akaupapasa mara ya kwanza, akaupapasa tena.

"Fundo limeshika," akasema.

"Ulinifundisha wewe," Bi Antena akasema. "Baba, nisamehe."

"Nilikufundisha vizuri," akasema mzee. Kisha akauliza, "Anauliwa na nani?"

"Mimi. Ni kazi yangu."

"Lete rungu. Wewe utamtesa."

Akampiga mara moja tu, mahali panapotakiwa. Tulimtazama, wote watatu, maana huyu samaki alikuwa amezunguka ziwa zima miaka miwili anatafuta mtu na hakuna aliyekuwepo. Kisha mzee akaosha mikono na kuniambia, "Kijana, washa."

Niliwasha. Nyuma yangu nikasikia mzee anaanza kuzungumza. Nilidhani ni mvua. Lakini mvua haiwezi kuzungumzwa kirefu hivyo, na yeye aliendelea, na binti akawa anajibu, na mara nikamsikia mzee anacheka. Sikusikia walichokuwa wakisema, injini ile inapiga kelele sana, nimeshaiandikia ofisi mara nne. Nilichofanya ni kupunguza mwendo na kupitia upande wa visiwa, ambako hatukuwa na shughuli yoyote. Tulifika gatini saa nane badala ya saa tano, na kwenye kitabu cha mafuta niliandika hitilafu ya mitambo.